Nyumba Zilizoharibu Ripoti

Tofali la tatu halikutaka kukaa sawa. Pasi alikuwa amechutama, maji machafu yamemfika vifundoni, bega lake limebeba mguu wa kitanda huku mkono mmoja ukisukuma tofali chini yake. Juu ya kitanda mama yake alishika ukingo kwa mikono miwili.

"Taratibu, mwanangu. Ukinimwaga humu hutanipata tena."

"Sikumwagi, mama. Tulia."

"Mimi nimetulia tangu mwaka jana. Ukizidi kuniinua nitaanza kuishi na panya wa darini."

Pasi alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu ukicheka unavuta pumzi, na pumzi ya chumba kile haikufaa kuvutwa.

Chemba ya maji taka ilikuwa hatua nne kutoka mlangoni. Ilikuwa imeziba kwa miezi kumi na minne. Kila asubuhi watu wa nyumba za juu walipoamka, wakaoga, wakasafisha vyoo vyao na kwenda kazini wananukia, mfuniko wa chemba ulianza kucheza, na kilichotoka kule kikaingia huku bila hodi. Jua likipanda maji yalipungua, yakaacha utelezi wa kijani ambao Pasi aliusugua mpaka mchana. Kesho yake yalirudi.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limesahaulika mtaani. Hata mama yake alilitumia akiwa na hasira tu. Meza yake ilikaa barazani, pasi ya mkaa juu yake, na nguo za wateja zilining'inia kwenye kamba. Lakini nguo safi inanyonya harufu kuliko hata sifongo. Mtu alichukua shati lililonyooka kama karatasi, akafika ofisini, wenzake wakaanza kuangalia soli za viatu vyao. Wateja walikula kona mmoja mmoja. Walibaki wanne.

Hilo angelivumilia. Asiloweza kulivumilia lilikuwa mguu wa mama. Kidonda kilianza juu ya kisigino, kidogo tu, na kwa mtu mwenye kisukari hakuna kidonda kidogo. Daktari wa zahanati ya manispaa alikifungua, akakitazama, akasema bila kuzungusha maneno: alitaka mahali pakavu, na alitaka muuguzi wa kufika nyumbani kukisafisha kila baada ya siku mbili. Muuguzi angemtuma yeye, mradi sakafu ikauke. Akatoa miezi miwili. Baada ya hapo, kama hali ni hiyo hiyo, mguu ungekatwa chini ya goti.

"Hameni kwa muda," daktari alisema.

Kuhamia wapi? Nyumba ile ya vyumba viwili marehemu baba yake aliijenga kwa mikono yake. Ndugu walikuwepo, lakini ndugu wanapokea mgeni, hawapokei kidonda.

Basi asubuhi ile, kitanda kilipokaa sawa, Pasi aliosha miguu kwa sabuni mara mbili, akavaa viatu, akaenda kulalamika kwa mara ya kumi na mbili.

Ukumbi wa manispaa ulikuwa umepakwa rangi upya. Ukuta mzima wa mbele ulibeba ubao mkubwa: MPANGO MKAKATI WA MIAKA MITANO. Chini yake kata zote za mji zilipangwa kwa maduara ya rangi. Kijani kwa kata zilizotatua malalamiko yote, njano kwa zinazojikongoja. Duara jekundu lilikuwa moja tu. Pasi hakuhitaji kusoma jina la kata.

Karani wa malalamiko alimwona kutoka mbali akashika kichwa. Alikuwa mmoja wa wateja wanne waliobaki. Shati alilovaa siku hiyo Pasi ndiye aliyelinyoosha.

"Pasi, kaka yangu. Nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea. Chemba bado imeziba."

"Lalamiko lako la mwezi uliopita lilitatuliwa." Karani akageuza kioo cha kompyuta ili Pasi aone. "Ona. Limetatuliwa. Ulipewa barua."

"Nilipewa barua. Nina barua kumi na moja. Zote zinasema suala langu limeshughulikiwa, na zote nimeziweka juu ya kabati zisilowe."

Karani akainama karibu na tundu la dirisha. "Sikiliza nikueleweshe kama ndugu. Kwenye Mpango Mkakati, lalamiko linahesabiwa limetatuliwa siku barua inapotoka. Siku kumi na nne, barua imetoka, tumemaliza. Hakuna mahali palipoandikwa chemba."

"Kama mmemaliza, mbona kata yetu ni nyekundu?"

"Kwa sababu unarudi!" Watu wawili kwenye foleni waligeuka. Karani akashusha sauti. "Mtu akirudi na jambo lilelile ndani ya siku tisini, mashine yenyewe inatukata alama. Majirani zako walikuja mara moja, wakachoka, wakanyamaza. Watu waungwana kabisa. Wewe umetuvalia njuga. Mji mzima uko asilimia tisini na sita, na hizo nne zilizobaki unazikalia wewe peke yako."

"Nizibulieni chemba, sitarudi tena."

"Gari la kuzibua liko kwenye bajeti ya idara nyingine. Idara hiyo nayo ina vigezo vyake, na mtaa wenu haumo kwenye vigezo." Akatazama kushoto na kulia. "Lakini nina neno la kukusaidia. Kesho anakuja mtafiti wa chuo kikuu. Anachunguza uongozi na mikakati ya manispaa, miji ishirini na minane, ipi inafanya vizuri na kwa nini. Anataka kuzungumza na wananchi waliohudumiwa. Mkurugenzi mwenyewe amesema apelekwe kwa mtu wa kata nyekundu, aonekane ameridhika. Ukisema umeridhika, Alhamisi gari liko mlangoni kwako."

"Niseme nimeridhika, kisha ndiyo nihudumiwe?"

"Umeelewa haraka."

Pasi alitazama kola ya lile shati. Aliifikiria miezi miwili ya daktari. Wiki moja ilikuwa imeshapita.

"Alhamisi," akasema.

"Haki ya Mungu. Kazi yangu iko kwenye ule ubao, kaka. Duara lile likibaki jekundu hadi mwisho wa mwaka, hapa atakaa mtu mwingine, na huyo hata shati hatakuletea."

Mtafiti alifika saa nne, maji yalipokuwa yameanza kurudi nyuma. Alikuwa dada mwembamba mwenye miwani, mkoba begani, viatu vya wazi vya ngozi. Hakuna aliyemwambia. Afisa mipango wa manispaa, aliyeongozana naye, alikuwa amevaa buti za mpira mpya. Yeye alijua.

Kiti kilikuwa kimoja na miguu yake ilikuwa imelowa, kwa hiyo mtafiti alikwea akaketi kwenye ukingo wa kitanda, karibu na mama, miguu ikining'inia hewani kama ya mtoto. Afisa alisimama mlangoni akijaza mwanga wote.

"Nitasoma sentensi, kaka, wewe unanipa namba," mtafiti alisema. "Moja ni hukubaliani kabisa, tano ni unakubaliana kabisa. Manispaa inasikiliza wananchi."

Pasi akamtazama afisa. "Tano."

"Huduma zinatolewa kwa wakati."

"Tano."

"Matatizo yangu yametatuliwa kwa njia iliyoniridhisha."

Chini ya kitanda kitu kilielea, kikagonga tofali, kikageuka. Wote wanne walikisikia. "Tano," Pasi akasema.

Mtafiti aliandika tano, lakini aliiandika polepole sana. "Swali la mwisho ni la kuchagua. Manispaa yenu ni ya namna gani? A, hutafuta njia mpya kabla ya wengine. B, hulinda huduma nzuri zilizopo. C, husubiri mpaka ishurutishwe ndipo ifanye."

"Mwanangu," mama akasema, "hakuna D hapo?"

"D ipi, mama?"

"Ya wale wasiokuja kabisa."

Afisa akakohoa. "Bibi ni mgonjwa, dokta. Tusimchoshe. Tuna kata nyingine mbili."

"Sijachoka," mama akasema. "Nimelala mwaka mzima, nitachokaje? Binti yangu, huyu mwanangu hajui kusema uongo. Tangu mdogo akidanganya anaangalia chini. Leo ameangalia chini mara tatu, na chini kwenyewe unakuona." Akafunua shuka. Bendeji ya mguu ilikuwa imebadilishwa asubuhi ile; tayari ilikuwa na duara la manjano. "Haya niandikie namba ya huu."

Mtafiti hakuandika. Alimgeukia afisa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kutii lakini amekasirika. "Utaratibu wa utafiti wetu unataka mhojiwa asikilizwe peke yake. Nisubiri kwenye gari, tafadhali."

Afisa alimtazama Pasi kwanza. Alitoka, buti zikipiga maji.

Hapo Pasi alijua kwamba gari la Alhamisi alikuwa nalo mkononi, na kwamba akifungua mdomo litaondoka. Alitaka kunyamaza. Miezi kumi na minne ilimpanda kifuani yote kwa pamoja, akapanda juu ya kiti, akashusha barua kumi na moja kutoka juu ya kabati, akazimwaga mapajani mwa yule dada. Akaeleza kila kitu: barua zinavyotoka, jalada linavyofungwa, majirani wanavyosifiwa kwa kunyamaza, na ahadi aliyopewa jana dirishani. Alisema mpaka sauti ikakwaruza. Ilikuwa raha. Ni aibu kusema hivyo, lakini kwa muda ule mfupi ilikuwa raha tupu.

Mtafiti alipiga picha barua zote. Alipiga picha chemba. Akauliza namba ya nyumba, na nyumba ngapi zinapata maji yale. Kumi na saba, Pasi akasema, akamtajia namba moja baada ya nyingine.

"Nitaandika bila kuficha," mtafiti akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kaka, nakuhakikishia wataisoma."

Katika hilo alikuwa mkweli. Waliisoma.

Alhamisi gari halikuja. Ijumaa karani alituma mtu kuchukua mashati yake, hata yale ambayo hayajapigwa pasi. Wateja wakabaki watatu. Kila baada ya siku mbili Pasi alisafisha kidonda mwenyewe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, mama akiuma upande wa kanga na kutoa maoni.

"Ungekuwa daktari wewe. Una roho mbaya ya kutosha."

"Ningenyamaza siku ile, mama, pangekuwa pakavu."

"Ungenyamaza, ungekuwa mtoto wa mtu mwingine."

Wiki sita zilipita hivyo. Siku chache kabla ya miezi miwili ya daktari kuisha, karani alitokea barazani mwenyewe, mfuko wa mashati begani, anatabasamu kama shemeji aliyekuja kuposa.

"Pasi! Kaka! Umetutoa matongotongo."

"Nimefanya nini tena?"

"Ripoti ya yule dada imetoka. Kurasa mia mbili. Sisi tumo sura ya nne, na mtaa wenu umo na picha zake. Ametuita manispaa ya kusubiri kushurutishwa! Mkurugenzi alipofika hapo aligonga meza. Tukapelekwa warsha, siku tatu, hoteli yenye bwawa la kuogelea, mtaalamu ameletwa kwa ndege. Akatuambia: tatizo lenu mnangoja mambo yawakute, jifunzeni kutangulia. Na tumeamua. Azimio la kwanza kabisa ni la mtaa wenu."

"Azimio gani?"

"Hilo siruhusiwi kulitangaza kabla halijatekelezwa. Ila Jumanne asubuhi mafundi watakuja. Kata yetu itakuwa kijani kabla mwezi haujaisha." Akaweka mfuko juu ya meza. "Nipigie haya vizuri, kola hasa. Tunapewa tuzo."

Pasi alitaka kumkumbatia. Alijizuia kwa sababu mikono yake ilikuwa na mkaa.

Habari ilizunguka nyumba kumi na saba kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Jumanne watu hawakwenda kazini. Seremala wa nyumba ya pili alileta nondo, yeye na Pasi wakaunyanyua mfuniko wa chemba mapema ili mafundi wasipoteze muda. Wanawake walifagia njia ili gari kubwa lipite. Mtu mmoja alikuwa amevaa suti. Mama aliomba mlango uachwe wazi asikie mashine ikifanya kazi.

Lililokuja halikuwa gari kubwa. Lilikuwa gari dogo la wazi, lina ngazi nyuma, mafundi wawili na sanduku la vifaa. Walishuka, wakasalimia vizuri, wakaegemeza ngazi kwenye nyumba ya kwanza. Mmoja akapanda, akatoa bisibisi, akaanza kufungua kibao cha namba kilichopigiliwa juu ya mlango.

"Fundi," seremala akasema, "chemba iko huku."

"Sisi si wa chemba."

"Ni wa nini?"

"Wa vibao." Yule wa chini alikuwa na karatasi. Akaisoma kwa sauti, haraka, kama mtu anayetaka kumaliza. Nyumba kumi na saba zilizotajwa zilikuwa zimeondolewa kwenye eneo la msingi la huduma za manispaa na kuwekwa katika eneo la mpito, ili manispaa ielekeze nguvu zake mahali penye matokeo. Namba zilifuata, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule ambao Pasi alimtajia yule dada.

"Mpito wa kwenda wapi?" Pasi akauliza. "Sisi tuko hapa hapa."

"Nyinyi mpo. Kwenye ramani ndiyo hampo."

"Na haya maji?"

Fundi aliyatazama, akasogeza kiatu. "Nawaonea huruma, wallahi. Lakini haya ni maji ya hapa, na ya hapa si yetu tena."

"Nitakwenda kulalamika."

"Nenda. Pale dirishani kitu cha kwanza wataandika namba ya nyumba." Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anamwelekeza.

Walipofika mlangoni kwake Pasi aliishika ngazi kwa mikono miwili, akagoma kuiachia. Seremala akaja na nondo yake. Fundi wa juu hakubishana. Alitoa simu mfukoni akasema anaita polisi, wako kona ile wanasubiri, wameambiwa kuna mtu mmoja mkorofi. Pasi alitazama kona. Kweli gari lilikuwepo. Akafikiria nani atambeba mama kesho kwenda zahanati ikiwa yeye analala mahabusu. Akaachia.

Kibao kilitoka kwa urahisi. Misumari ilikuwa imeoza kwa unyevu.

"Wamefika?" mama akaita kutoka ndani. "Nasikia wanagonga."

"Wamefika, mama."

"Mungu mkubwa. Wape maji ya kunywa."

Kesho yake alimpeleka zahanati kwa toroli la seremala, godoro limekunjwa chini yake. Daktari alifungua bendeji, akainama, akabonyeza pembeni mwa kidonda. Pasi alisubiri neno moja.

"Sijui umekifanyaje," daktari akasema, "lakini hakijafika kwenye mfupa. Sakafu imekauka?"

"Haijakauka. Ila kitanda nimekiinua juu."

"Basi nitalegeza sharti. Akipata muuguzi wa kuja kila baada ya siku mbili, huu mguu tunaweza kuuokoa. Bila muuguzi, siwezi kungoja hata wiki. Nenda kaunta wamwandikishe."

Pasi alisukuma toroli kwa kasi mpaka gurudumu likapiga kelele. Mama alikuwa anacheka. Kwenye kaunta muuguzi wa zamu, dada mnene mwenye uchovu, alichukua karatasi ya daktari akavuta kibodi.

"Huduma ya nyumbani. Nyumba namba?"

"Arobaini na moja."

Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Haipo."

"Jana ilikuwepo."

"Kaka, mimi nasoma kilichopo. Thelathini na nane, kisha inaruka hamsini na sita. Huduma ya nyumbani ni kwa wakazi wa eneo la huduma tu."

"Nitakuja kumchukua muuguzi mwenyewe. Nitamrudisha. Nitambeba mgongoni kama ni lazima, asikanyage maji."

"Siwezi kumwandika aende mahali ambapo hapapo. Nitaulizwa mimi." Nyuma ya Pasi foleni ilikuwa inasogea, mtu akaguna. Muuguzi akageuza karatasi ya daktari, akasoma mstari wa mwisho, akavuta fomu nyingine kutoka droo ya chini. Ilikuwa fupi, nusu ukurasa. Muuguzi akashusha sauti ili mgonjwa asisikie. "Daktari ameandika, kama hakuna muuguzi, upasuaji Ijumaa, hospitali kubwa. Hii haina shida. Haiulizi anwani. Inataka saini, au dole gumba la mgonjwa."

Akaiweka juu ya kaunta, akafungua kibweta cha wino, akakisogeza ukingoni ili mgonjwa akifikie. Simu ya kaunta ikalia, akaipokea.

"Ndiyo karatasi ya muuguzi hiyo?" mama akauliza kutoka kwenye toroli.

Pasi aligeuka kumtazama.

Mama hakungoja jibu. Alikuwa ameshajifuta mkono kwenye kanga, amenyoosha kidole gumba, anasubiri aonyeshwe pa kubonyeza.